Kibali cha Matairi Mawili

Niliondoka Lusewa kwenda Songea kwa sababu ya barafu. Mwezi uliotangulia nilikuwa nikipeleka chanjo kijiji cha ng'ambo ya mto, na tairi la nyuma la pikipiki ya zahanati, lililokuwa limeisha meno kabisa, likateleza kwenye mlima wa mwisho. Nilisukuma, nikaanguka, nikasukuma tena. Nilipofika jua lilikuwa limepinduka, barafu yote kwenye kisanduku imekuwa maji, na chanjo hazifai tena. Akina mama walikuwa wameacha palizi tangu asubuhi wakinisubiri.

Mama Tekla ndiye huwaita wenzake siku ya kliniki, kwa kugonga kipande cha reli kilichoning'inizwa nje ya kigango, kanisa dogo la kijiji. Aliniambia mbele ya wote, "Nesi, sisi si watu wa kuchezewa. Mwezi ujao sigongi kitu mpaka nishike barafu kwa mkono wangu mwenyewe." Nilikuwa nesi wa miaka mingi na sikuwahi kuambiwa hivyo. Iliniuma zaidi kwa kuwa alikuwa na haki, na surua ilikwisha kusikika vijiji vya jirani.

Jumatatu alfajiri niliwasha pikipiki. Ilikuwa ya zamani, tangu enzi za foleni za sukari, lakini magurudumu yake ni ya juzi tu. Yale ya kwanza yalipopinda, fundi aliivisha ya pikipiki ya kisasa, yasiyo na spoki. Ilionekana kama bibi aliyeazima viatu vya mjukuu. Mfukoni nilikuwa na barua yenye muhuri wa kata, ikiomba niuziwe matairi mawili namba kumi na tisa. Namba hiyo niliinakili mwenyewe kutoka kwenye kitabu cha pikipiki. Ndivyo tulivyozoea miaka yote: unaandika barua, unagongewa muhuri, unapewa kilichopo na unashukuru.

Kabla ya Namtumbo tyubu ya nyuma ilipasuka, na kiraka changu hakikushika. Mkulima mmoja aliyekuwa akitoka shambani alinionea huruma. Alikata nyasi, tukazishindilia ndani ya tairi mpaka likasimama.

"Nenda polepole, dada," akasema. "Ukikimbia zitasagika."

Sikuwa na nguvu hata ya kutamani kukimbia. Mvua ilinipiga mpaka Songea, na jioni niliingia Ruhuwiko kwa wifi yangu nikiwa tope tupu. Alinitazama kutoka mlangoni akaguna.

"Wifi, hao wagonjwa wako watakuzika wewe kwanza. Oga kwanza, ugali na mboga ya likolo vipo jikoni."

Nilikaribia kulala na kijiko mkononi.

Jumanne asubuhi nilikwenda duka la vipuri la Mzee Rashidi, mtu wa Tunduru aliyehamia mjini biashara zilipofunguliwa. Nilisimama mlangoni nikashangaa. Matairi yalikuwa yamening'inia hadi darini, nami nilikuwa nimezoea duka lenye kaunta na neno "hakuna".

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nikamkabidhi barua. Aliisoma yote, mpaka muhuri, kisha akaikunja taratibu.

"Kibali cha nini tena? Siku hizi mnunuzi ndiye mwenye kibali. Gurudumu lako ni namba ngapi?"

"Imeandikwa hapo. Kumi na tisa."

"Hiyo ni namba ya pikipiki. Nakuuliza gurudumu."

Nikamjibu kwa ukali kwamba karatasi ya serikali haikosei. Uchovu ulikuwa unasema badala yangu. Mzee alitoka nje, akafungua gurudumu la nyuma, akakung'uta nyasi zangu, akalivalisha tairi namba kumi na tisa. Likacheza kama bangili ya mtu mnene kwenye mkono wa mtu mwembamba. Kisha akapangusa tope pembeni mwa gurudumu kwa kidole gumba, na namba ikajitokeza: kumi na nane. Lile la mbele pia kumi na nane. Namba ilikuwa hapo hapo siku zote, chini ya tope, nami nilikuwa nimekwenda kuitafuta ofisini.

"Alhamdulillahi, hatujalitia upepo," akasema, akilirudisha tairi darini. "Sasa chagua."

Akanitolea ya namba kumi na nane, aina tatu. Nikayatazama, na nakiri machozi yalinilenga. Nilitaka tu mtu anipe, niondoke. Nikaelekeza kidole kwenye lile lenye meno makubwa, pana, la kutisha tope lenyewe.

Mzee akalishikilia mahali pake. Upande wa mnyororo halikuacha nafasi, maana gurudumu jipya lilikuwa pana kuliko mifupa ya pikipiki ilivyokusudiwa.

"Pitisha kidole," akasema. Hakikupita. "Kidole hakipiti, tope litapita wapi?"

La pili lilikuwa laini, zuri kwa lami. Nikamwuliza lami ya Lusewa iko wapi, naye akacheka. La tatu lilikuwa jembamba, meno ya wastani. Kidole kikapita. Nikachukua mawili ya aina hiyo, na tyubu mpya.

Jumatano nilirudi. Kibali nilimwachia wifi, akawashia moto wa chai. Mvua ilikuwa ile ile na mgongo uliniuma vile vile, ila sikuanguka.

Alhamisi asubuhi nilipakia kisanduku nikavuka mto. Kwenye mlima wa mwisho pikipiki iliyumba, ikang'ata udongo, ikapanda. Kigangoni hapakuwa na mtu isipokuwa Mama Tekla, amesimama na jembe begani. Wengine niliwaona mbali, wameinama mashambani.

Hakunisalimu. Alifungua kisanduku mwenyewe, akatumbukiza mkono. Barafu ikagongana ndani. Akalishika bonge moja mpaka akakunja uso kwa baridi, kisha akalirudisha, akapangusa kiganja kwenye kanga.

"Umechoka, nesi," akasema. "Kaa."

Akaliweka jembe chini, akaokota jiwe, akaanza kugonga reli.