Honi Mbili za Meli

Umeme ukikatika hapa saluni, mtaa wa Bertrams huku ugenini, jirani huwasha jenereta, na ile harufu ya dizeli huniletea baba mlangoni. Baba alikuwa fundi wa injini kwenye meli ya mizigo iliyobeba saruji na unga katika ziwa letu kule Kongo. Meli ikikaribia bandari, nahodha alimwachia apige honi mara mbili, na mama akabandika maji ya ugali.

Vita ilipokuja, wanajeshi waliichukua meli pamoja na wafanyakazi wake. Waliipaka rangi ya kijivu, wakafunga mzinga mbele. Ilikwenda na masanduku ya risasi, ikarudi na majeruhi. Honi wakaipiga marufuku, tukawa tunapika bila kujua kama baba yuko njiani.

Mchana mmoja nikasikia honi mara mbili.

“Mama, bandika!” nilipiga kelele hadi majirani wakacheka. Mama akasonga ugali, akakaanga samaki. Mimi nikasugua sahani ya baba kwa majivu.

Aliyeingia alikuwa mwenzake wa chumba cha injini, mikono myeusi kwa grisi, akinuka dizeli vilevile.

“Shemeji, ile honi nimepiga mimi, maana…”

“Kula kwanza, shemeji,” mama akamkatiza. Kwetu mgeni hatoi habari kabla ya kula.

Akala kwenye sahani ya baba, machozi yakimdondokea mkononi. Na kila alipokaribia kumaliza, mama alimwongezea.