Mto Mkono wa Kuume

Rafiki yangu, tangu nirudi sijalala usingizi wa kushiba. Miguu bado inawaka, na kila ninayekutana naye hapa Kasuku, upande wetu wa Kindu, ananiuliza lile lile: uliona nini kule? Wasiochoka kabisa ni vijana wa pikipiki pale sokoni. "Mama Istanbuli! Njo kweli kule treni inapita chini ya maji?" Nawaambia ndiyo, ni kweli, niliipanda. "Na samaki hawagongi kioo?" Wanacheka mpaka wanashika matumbo, nami nacheka nao, maana mimi nilizaliwa na kicheko. Lakini kati yao yuko mmoja asiyeuliza kitu. Huyo ni kaka yangu. Anapangusa tangi la pikipiki yake kama vile hasikii. Na yeye ndiye niliyetaka kumweleza kuliko wote.

Nilikwenda Istanbuli kama mbeba mizigo, nisijisifu. Shangazi yangu anauza nguo, na safari hii alisema amezeeka, hawezi kuburuta mifuko peke yake. Masomo yangu mimi yaliishia njiani, lakini vibao vya uwanja wa ndege naweza kuvisoma. Tulizunguka maduka ya jumla mpaka nikawa naota masuruali. Kisha ikabaki siku moja tupu ya kungoja mizigo ifungwe. Shangazi akavaa viatu vyake vya Idi, akasema, "Leo hatununui kitu. Leo tuko baturisti."

Mji ule ni wa kupanda na kushuka. Ukidhani umefika juu, kuna ngazi nyingine. Mawe ya njiani yamesuguliwa na nyayo za watu mpaka yanateleza kama sabuni. Paka wanene wanalala kwenye viti vya watu na hakuna anayewafukuza. Mtu mzima anaona paka amekaa, anasimama. Kuna mkate wa duara uliojaa ufuta, na chai katika bilauri ndogo kama ya kupimia dawa. Wauza mazulia wanakuita dada kwa kila lugha waliyonayo. Ilipofika adhuhuri mnara mmoja ukaanza kuadhini, mwingine ukaupokea, wa ng'ambo ya maji ukajibu. Nikasimama katikati ya njia, nikitazama kuba juu ya kuba, minara myembamba kama kalamu, na ndege weupe wakizunguka juu.

"Tembea, weye! Gari itakukanyaga!" Shangazi alinivuta mkono.

Lakini sikuwa nimeshangaa tu, rafiki. Nilikuwa nimeutambua. Mji ule niliutembea nikiwa mtoto, wakati wa vita, kwa vidole vyangu.

Bibi yetu, mama yake baba, tuliyemwita Koko, alikuwa na msala wa kusalia wenye picha. Aliletewa na ndugu yake aliyekwenda Hija zamani, na picha yake ilikuwa ya mji: kuba, minara, maji ya buluu, ndege. Hakuna aliyejua jina la mji ule. Koko aliuita Muji, basi.

Miaka ile Kindu ilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Treni ilinyamaza, boti hazikuja, na mtu aliyekwenda shambani kuchuma majani ya muhogo hakujua kama atarudi. Tulikula sombe ya majani hayo bila chumvi. Wewe uliyeila unaijua; inashuka kooni kama deni la mtu mwingine. Na sombe yenyewe Koko aliitwanga polepole, mchi ukishuka kinuni kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole, ili wenye bunduki wasisikie kuwa katika nyumba ile kuna cha kutwanga. Mpaka leo nikisikia kinu kinapigwa kwa nguvu, mchana, mama mmoja anaimba, moyo wangu unatulia.

Risasi zikianza kulia upande wa uwanja wa ndege, Koko alitukusanya chumba cha ndani, akautandaza msala sakafuni. "Haya, baturisti, tuingie Muji." Neno hilo alilipata kwa jirani yetu, mzee aliyewahi kufanya kazi ya reli, ambaye alitusimulia habari za wazungu walioshuka treni zamani na kofia kubwa, wakipiga picha hata mbuzi. Kaka yangu, mkubwa kwangu kidogo, alikuwa na kopo la samaki alilolifanya kamera. Yeye ndiye alikuwa kiongozi wa safari.

"Turisti, vua viatu! Hapa ni musikiti!" Hatukuwa na viatu, lakini tulivua. "Turisti mwenye makamasi anabaki inje!" Huyo nilikuwa mimi. Tulitembeza vidole kutoka mlango mpaka ua, kutoka ua mpaka majini, na kila nyumba Koko alijua wanapika nini. Hapa pilau. Hapa samaki kapitene wa kukaanga, kichwa amewekewa baba wa nyumba. "Na kila meza," alisema, akishusha sauti, "iko na chumvi. Haiombwi."

Chumvi ndiyo iliyomwondoa baba. Asubuhi moja alifunga kamba kwenye baiskeli yake, akasema ataambaa na mto hadi Lokandu, avuke kule kwa mtumbwi, ashike njia ya Lubutu, na atarudi na chumvi ya kututosha sisi na jirani. Koko alisimama mlangoni mpaka kile kioo chekundu cha nyuma ya baiskeli kikamezwa na ukungu.

Sasa nikueleze jambo moja, maana ndilo lenye habari yote. Koko alitufundisha kibla kwa mto. Kwa sisi wa upande huu wa Kasuku, ukiiweka Lualaba mkono wako wa kuume, umeelekea Maka, na mto wenyewe unateremka kuelekea huko huko. "Hata maji inajua," alisema. "Ukipotea, weka mto mukono wa kuume." Na baba naye alikuwa ameshika upande ule ule. Kila tuliposimama kusali niliona kama namwona mgongo, anakwenda, haangalii nyuma. Siku moja nikashindwa kuvumilia.

"Koko, sisi tunatazama kule. Baba anatazama kule. Wenye wako mbele yake nao wanatazama kule. Si wote wametupa mugongo? Nani anatuangalia sisi?"

Koko aliacha majani aliyokuwa akichambua. Akaweka kidole juu ya ule mji wa kwenye msala. "Maka iko katikati, mutoto. Wenye wako ngambo yake wanasali wakitazama huku. Hawa njo wanatuangalia. Jina letu hawajui, lakini wanatuangalia."

Nililala juu ya maneno yale kama juu ya godoro. Kaka pia, nadhani, kwa muda. Lakini mvua zilikuja zikaenda na baba hakurudi. Hakuna aliyemwona Lokandu, wala aliyeiona baiskeli yake ikiuzwa mahali. Ndipo siku moja, Koko akiwa anatandaza msala, kaka akalirusha kopo lake ukutani.

"Hakuna muntu anatuangalia! Ile Muji ni rangi tu. Koko, unatudanganya njo tusahau njaa!"

Koko hakumpiga. Hata sauti hakuinua. "Basi ukae mulangoni, utulinde," alimwambia, "sisi tutembee." Kaka akakaa mlangoni. Hakuingia tena Mjini, na alipokua, akaacha na kusali. Koko hakumlazimisha, ila nilimwona akimtazama mara nyingi wakati kaka hajui. Vita vilikwisha, chumvi ikarudi sokoni ikiuzwa katika vifuko vidogo, Koko akaishiwa nguvu. Siku zake za mwisho alinishika kidole, akasema, "Weye njo uko na miguu ya kutembea. Kama utafika Muji siku moja, angalia kama nilisema kweli. Halafu mwambie kaka yako."

Basi unaelewa nilikuwa nabeba nini katika mji ule, mbali na mifuko ya shangazi.

Tuliingia mkahawa mmoja mdogo, miguu ya shangazi imevimba ndani ya viatu vya Idi. Kabla hatujaagiza chochote, nikaiona: kichupa cha kioo katikati ya meza. Nikatazama meza ya pili, nayo ipo. Ya tatu, ipo. Nikamimina kidogo kiganjani, nikailamba, machozi yakanitoka.

"Weye mutoto! Unalilia chumvi?" Shangazi aliuliza, kisha akakumbuka, maana baba yangu alikuwa kaka yake. Naye akamimina kidogo kiganjani mwake.

Alasiri ilitukuta chini kabisa, bustanini kando ya maji. Kurudi kupanda kilima mpaka msikitini hatukuweza, tulikuwa tumekwisha. Yale maji ni bahari, wanasema, lakini ni membamba, yana ng'ambo yenye nyumba, na vyombo vinavusha watu huku na huku kama tunavyovuka kwenda Alunguli, ng'ambo ya mto wetu. Nilijisikia nyumbani. Nikatandaza kitenge kwenye majani, nikaweka maji mkono wangu wa kuume kama nilivyofundishwa, shangazi akasimama kando yangu bila kuuliza. Nikainua mikono.

Mama mmoja aliyekuwa ameketi karibu akila mbegu za alizeti akainuka haraka. Akanishika mabega, kwa upole, kama unavyomgeuza mtoto aliyevaa gauni nyuma mbele, akanizungusha mzima mzima. Maji yakaja mkono wa kushoto. Akanigonga begani mara moja, akatabasamu, akarudi kwenye mbegu zake.

"Kumbe tulikuwa tunampa Mungu mugongo," shangazi alisema, akicheka na kugeuka. Kisha akanyoosha kidole mbele yetu, pale pale tulipokuwa tumeelekezwa. "Angalia. Kwetu njo kule. Kwenye ile ramani ya televizyo ya ndege, si uliona? Tulipanda tu juu, juu, juu. Kwetu iko chini kule."

Rafiki, nilisali nikiwa sijui nasema nini. Bustani nzima, na misikiti yote juu ya vilima nyuma yangu, na yule mama mwenye mbegu atakaporudi kwake kusali, wote walikuwa wameelekea huku. Pengine mwenye ramani atasema mstari umepinda kidogo. Na upinde. Miaka yote ile, tukiwa tumejikunja chumbani, kulikuwa na watu waliosimama wakitutazama usoni, na jina letu hawalijui.

Juzi kaka alinipakia kunirudisha nyumbani. Nilimwomba asimame kando ya mto, nikamweleza yote. Alikuwa akikwangua tope kwenye buti lake kwa kijiti.

"Kila meza?" aliuliza.

"Kila meza."

"Bila kuomba?"

"Bila kuomba."

Akatazama maji yanavyoteremka kwenda Lokandu. "Kumbe baba alishika njia nzuri," akasema. Akawasha pikipiki.

Msala wa Koko tuliutoa sadaka msikitini, kama alivyotaka. Nilipokwenda kuutazama nikaukuta pembeni, umechakaa. Magoti na vipaji vya nyuso vimeula mji wote. Umebaki mnara mmoja na ubawa wa ndege. Yule mzee wa reli amekwenda, na kopo la kaka sijui liliozea wapi. Watoto wa kaka hula chumvi bila kujua kuwa ni kitu. Nimechoka, rafiki, lakini si uchovu wa kulalamika.

Jana alasiri nilipita sokoni. Wenzake walikuwa wakibishana, honi zikilia. Kaka alikuwa amezima pikipiki na kujitenga kando. Hakuwa anasali, siwezi kumsingizia. Alikuwa amesimama tu, mto mkono wa kuume, kichwa ameinua, na kola ya shati lake ameinyoosha kama mtu anayejua kuwa anatazamwa.