Jumuiya Iliniombea Nikiwa Nimefungiwa Stoo na Ndege Zangu Nne

Wadau, mimi nimewahi kuombewa na jumuiya nzima nikiwa hatua nne tu kutoka walipokaa, nimefungiwa kwenye stoo ya mahindi, nimeshika ndege mkononi.

Ndege ya chuma. Inaenea kwenye kiganja.

Tulieni niwaeleze. Atakayecheka acheke, nimeshazoea.

Naitwa Wilbroad, fundi wa kuchomelea mageti hapa Babati, nyumbani ni Singe. Nina miaka arobaini na nne, watoto watatu, na ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kusali hapa mtaani. Mtu na heshima zangu kabisa.

Mwezi wa pili nilikwenda Arusha kufuata vyuma. Kwenye meza ya mtumba, katikati ya saa mbovu na vijiko, nikaona kindege cheupe. Nikakiokota nikidhani ni plastiki.

Kizito!

Chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, wakuu. Mimi chuma nakijua. Milango imechorwa kwa mistari myembamba, madirisha yamekaa sawasawa, matairi yanazunguka kweli. Nikasimama pale kama nimepigwa shoti. Utotoni kule Sigino nilikuwa naacha jembe kuangalia ndege ikipita juu, mpaka baba ananichapa. Leo nimeishika!

Nikanunua. Njia nzima kurudi mkono uko mfukoni. Niseme ukweli, sikuwahi kufurahi hivyo tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

Basi ikawa ugonjwa. Nikampata dada mmoja Dar, Hanifa, anauza hizi ndege mtandaoni. Akanifundisha: usizishike na mikono yenye mafuta, usinunue ovyo, chagua aina moja uikusanye. Nikachagua za pangaboi. Akawa anazituma kwa basi, nazifuata stendi.

Sasa nyumbani ningesemaje? Mwenyekiti mzima ananunua midoli? Mafundi wenzangu wangenipa jina la utani mpaka nazikwa.

Nikaficha. Ndani ya kopo la rangi, nyuma ya magunia, stoo.

Funguo ya stoo anashika mke wangu, Mama Jovita. Kwetu ndivyo ilivyo, chakula kikishaingia ndani ni cha mama, mwanaume hagusi gunia bila ruhusa. Nikachonga funguo ya wizi. Ya stoo yangu mwenyewe, aisee!

Kila Jumamosi akienda sokoni, nazama humo. Mwanga unaingia kidogo kwenye upenyo wa bati. Nazipanga juu ya gunia, nafuta vumbi, naziinua moja moja kama zinapaa. Nikitoka hapo hata ukinitukana sikasiriki.

Jumamosi hiyo nilikuwa na ya nne, mpya. Nimezama ndani, kufuli nimeliacha linaning'inia kwenye komeo.

Nikasikia: kacha!

Mtu amelibana kwa nje.

Mlango ule nimeuchomelea mwenyewe, chuma kitupu, wezi wasiguse. Dirisha hakuna. Simu iko chumbani inachaji. Joto linapanda, na dawa ya mahindi inakwaruza koo.

Nikafungua mdomo niite. Kabla sijaita, nikasikia uani: "Tumsifu Yesu Kristo!"

Jumuiya! Wiki ile ilikuwa zamu ya kwa Mama Edda. Kumbe imehamishiwa kwangu, na mimi mwenyekiti sijaambiwa. Wakatandika mikeka hapo hapo mbele ya stoo.

Nikajiambia, tulia Wilbroad. Wasali, waondoke, utagonga Mama Jovita akiwa peke yake. Nikabana pua nisipige chafya.

Wakaimba. Wakasoma Injili. Kisha Mama Coletha, katibu wetu, akasema, "Mwenye nia yake aitoe."

Nikasikia sauti ya mke wangu.

"Namwombea mume wangu. Ana mwanamke Dar anaitwa Hanifa. Akipigiwa simu anatoka nje. Anafuata vifurushi stendi, ndani sivioni. Miezi sita anatabasamu peke yake, mimi sijui anachekea nini. Nimevumilia, nimeshindwa. Leo saa nane napanda gari la Dareda, narudi kwetu. Mungu amsamehe. Ee Bwana."

"Utusikie," wakaitikia wote.

Wote! Mpaka Mzee Marcelino, ambaye geti lake nimelichomelea mimi.

Nikigonga, mtaa mzima utaniona na midoli. Nikinyamaza, mke anaondoka. Nikazikusanya ndege zote nne mikononi.

Mzee Marcelino akauliza, "Mama Jovita, umeshafunga mizigo?"

"Iko mlangoni, mzee."

Hapo hapo nikapiga teke ule mlango. "Sina mwanamke! Nifungulieni!"

Akina mama wakapiga yowe. Mmoja akapaza sauti, "Shindwa!"

Kufuli likafunguliwa. Nikatoka kichwa cheupe kwa vumbi, nimeloa jasho, ndege mbili kila mkono. Nikazipanga kwenye mkeka.

"Hanifa ananiuzia hizi. Hakuna kingine. Mpigieni simu sasa hivi."

Mzee Marcelino akainua moja, akazungusha pangaboi kwa kidole.

"Baba Jovita, hizi ni za mtoto gani?"

"Za kwangu, mzee. Shikamoo."

Sijui shikamoo ilitokea wapi. Watu waliangua kicheko, Mama Coletha akajilaza kwenye mkeka.

Mke wangu hakucheka. Alikuwa ameshika kufuli.

"Nilijua umo ndani," akasema. "Nilijifanya naenda sokoni, nikakuona unaingia. Nikajua unakwenda kumpigia huyo Hanifa. Kufuli nimebana mimi, jumuiya nimehamisha mimi. Nilitaka unisikie."

"Si umeona sasa hakuna mwanamke?" nikasema, natabasamu, nikidhani yameisha.

"Mwanamke ningeelewa. Mama yako alipolazwa, nililala naye wodini mimi. Ulipokosa kazi mwaka jana, tulikula uji wote. Sasa Mungu kakupa kitu cha kukufurahisha, ukaona mimi sifai kukiona?"

Nikainama nikaanza kuokota ndege zangu kwenye mkeka.

Saa nane akapanda gari la Dareda.

Wiki tatu, wadau. Watoto wanakula ugali wangu mbichi. Mwisho nikaenda ukweni, wakaniketisha kikao. Baba mkwe akauliza, "Kosa lako nini? Ulevi? Mwanamke?"

"Hapana baba. Nilipata furaha, nikamficha."

Wazee wakaangaliana. Mzee mmoja akasema kesi ya namna hiyo hajawahi kuamua. Mke wangu akainama, mabega yakaanza kutikisika, nikajua analia, kumbe anacheka. Kesho yake tulirudi wote.

Wewe unayesoma, kama una kitu kinakufurahisha na umekificha mwenzio, mwite akione leo. Akicheka acheke. Mke wangu shida zangu zote alibeba. Furaha moja niliyoipata, nikamfungia nje.