Nilivyomponza Bi Thoa kwa Sufuria Isiyooshwa

Umewahi kuona mtu anazomewa kwa kuosha sufuria?

Mimi nimeona. Hapa hapa Saigon, kwenye uchochoro wetu, saa tano asubuhi, jua linawaka.

Bibi wa miaka sabini na moja amechuchumaa kando ya mfereji, maganda ya ndimu mkononi, anasugua sufuria yake. Vijana zaidi ya thelathini wamemzunguka, simu juu, wanapiga kelele: "Tapeli! Tapeli!"

Na aliyewaleta pale ni mimi.

Mnaonifuata humu mnanijua kwa chumvi. Ndiyo mimi niliyewaambia habari za konokono aliyemtoroka mpishi, akakutwa kituo cha pili anasubiri basi. Ile ilikuwa chumvi. Hii ya leo sijaitia hata chembe.

Naitwa Kha. Miaka thelathini na minne nilikuwa msoma mita za maji. Hakuna uchochoro mji huu ambao sijainama nyuma ya jiko lake kutafuta mita. Nilipostaafu nikaona elimu hii ya kunusa majiko ya watu isipotee bure. Nikaanza kuandika mtandaoni: wapi ule, nini ule, na nani anapika.

Wenzangu wanaandika "chakula kitamu, mazingira safi." Mimi nikawa natia hadithi. Yule wa wali wa chenga chini ya ngazi, nikasema babu yake alimpikia mfalme. Babu yake alikuwa fundi baiskeli. Lakini watu walienda, wali ukaisha, kila mtu akafurahi. Nani alidhurika?

Ndivyo nilivyojidanganya.

Sasa Bi Thoa.

Bi Thoa anauza bun rieu mdomoni mwa uchochoro wetu. Tambi za mchele, nyanya, na supu ya kaa wadogo wa mashamba ya mpunga, wanatwangwa na magamba yao mpaka wanakuwa uji. Vistuli kumi na viwili vya plastiki. Bakuli sitini kwa siku, basi. Saa nne zimeisha, saa tano anaosha sufuria, saa sita amelala.

Na mimi ndiye niliyekuwa mfunguaji wake.

Kwetu mteja wa kwanza wa siku si mteja tu. Akiwa na nyota nzito, akashikashika vitu akaondoka bila kununua, siku nzima biashara imelala, na muuzaji anachoma karatasi kufukuza nuksi. Akiwa na nyota nyepesi, mambo yanajipa yenyewe.

Bi Thoa alinichagua miezi miwili baada ya kumzika mke wangu, Lien. Alikuja mlangoni, akagonga mpaka nikafungua.

"Wewe bwana mdogo," akasema, "nimekuangalia usoni. Una nyota nyepesi kama unyoya. Kesho saa kumi na mbili uje unifungulie biashara. Usinichelewe."

Bwana mdogo! Nilikuwa na miaka hamsini na tano.

Nikaenda. Na nikaendelea kwenda, miaka kumi na moja. Hakuna mtu aliyepokea bakuli kabla yangu. Madereva wa pikipiki walikuwa wanasimama na njaa zao wananisubiri.

"Mzee Kha, hebu meza twende kazini!"

"Nyota haiharakishwi," nawajibu, napuliza supu taratibu. Nilijiona mtu muhimu kuliko meya.

Basi bwana, mwaka jana nikaamua kuandika orodha yangu kubwa: Meza Ishirini za Saigon, Kuanzia Kistuli cha Plastiki Hadi Kitambaa Cheupe. Bi Thoa akasikia.

"Mimi usiniandike."

"Kwa nini, dada?"

"Bakuli sitini zinanitosha. Mikono ni hii hii miwili, sina mingine kabatini."

"Sawa, dada. Sikuandiki."

Nikaenda nyumbani nikamwandika. Namba moja.

Na si kumwandika tu. Nikasema bibi yake alikuja kutoka mashamba ya kusini kwa mtumbwi, makaa ya moto kwenye chungu mapajani, na tangu siku ile moto haujazimika. Nikasema supu ni ile ile, inaongezewa tu. Nikasema sufuria haijaoshwa miaka sabini na tatu, utamu wote umo kwenye ukuta wake.

Mpishi yeyote angecheka. Supu ya kaa hailali. Ikilala inachacha, na harufu yake utahama mtaa. Lakini mimi nilikuwa msoma mita, si mpishi. Na waliosoma walikuwa wengi kuliko wapishi.

Wiki ile ile uchochoro ukajaa. Pikipiki mpaka mlangoni kwa watu. Mimi nikafika saa kumi na mbili kamili, kifua mbele, kijana akanizuia.

"Babu, foleni inaanzia kule."

"Mimi ndiye nafungua hapa!"

"Pameshafunguliwa, babu. Chukua namba."

Namba arobaini na tatu.

Bi Thoa aliniona juu ya vichwa vya watu. Akanionyesha kwa kidevu: pembeni ya jiko kulikuwa na bakuli limefunikwa kwa sahani. La kwanza. Alikuwa amewanyima watu wote hao kwa ajili yangu.

Lilikuwa limepoa. Nikala wima, nikaondoka.

Siku ya tatu sikwenda. Siwezi kusukumana. Halafu nilikuwa na shughuli: kwa sababu ya orodha, mimi sasa nilikuwa nakaribishwa. Nyumba za vitambaa vyeupe zilinitumia mwaliko. Nikala bata kwa uma tatu. Nikapewa kitaulo cha moto, nikakiuma, nikidhani ni mkate wa mvuke.

Niliambiwa baadaye kwamba Bi Thoa aliendelea kulifunika lile bakuli kila asubuhi. Kila asubuhi, ndugu zangu.

Ndipo ikaja saa tano ya siku moja.

Bibi wa watu kamaliza kazi, kavuta sufuria hadi mfereji, anasugua. Binti mmoja mwenye simu akamwuliza:

"Bibi, si tumeambiwa sufuria haioshwi?"

"Isioshwe kwani mimi mchafu?"

Hayo tu. Maneno manne ya mtu mkweli. Jioni video imetazamwa na nusu ya mji. "Bibi tapeli wa supu." Kesho yake, saa tano ile niliyowaanzia, wakaja wale thelathini na zaidi kumzomea, nami nikiwa dirishani kwangu ghorofa ya pili, nyuma ya pazia.

Ndiyo. Nilikuwa pale. Nilikuwa na miguu miwili mizima na ngazi kumi na nane za kushuka.

Sikushuka.

Nikajiambia yatapoa. Hayakupoa. Waliokuja kwa hadithi wakaacha, na wa siku zote nao wakaona aibu kuketi wanapigwa picha. Bakuli sitini zikawa kumi na mbili. Kilichobaki cha Bi Thoa baada ya miaka arobaini ya kutwanga kaa kilikuwa jina lake, na hilo ndilo nililokuwa nimelichafua.

Siku ya nane tangu azomewe nikaalikwa chakula cha mchana Yungiyungi, mgahawa mpya ghorofa ya kumi na tisa, mto unauona chini kama mkanda. Meneja, dada mmoja anaitwa Diem, akanishika mkono akanitambulisha kwa wageni.

"Huyu ndiye Mzee Kha. Ulimi mkweli kuliko yote Saigon!"

Makofi.

Ikaletwa supu ya kaa. Kwenye kikombe ambacho kuku angeweza kutagia yai moja na lisitoshe. Nikainusa. Harufu ya uchochoro wetu.

Mgeni wa mbele yangu akacheka. "Mzee, hii imeoshewa sufuria?"

Meza nzima hoi. Diem akajifuta machozi. "Maskini Mzee Kha, naye alitapeliwa. Eti, mzee? Yule bibi alikudanganya?"

Hapa ndipo ningeweza kusema. Sentensi moja. Mdomo ulikuwa wazi tayari.

"Ndiyo," nikasema. "Alinidanganya."

Nikanywa ile supu. Sijui ilikuwa na ladha gani.

Jioni maneno yangu yalikuwa mtandaoni, na picha yangu nimeshika kikombe. "Hata Mzee Kha alidanganywa!"

Asubuhi yake nikashuka zile ngazi kumi na nane. Nilikuta vistuli vitupu. Bi Thoa alikuwa anachoma karatasi, anaipitisha juu ya jiko.

"Dada, hiyo ni ya kunifukuza mimi?"

"Ningekuwa nakufukuza wewe ningechoma gazeti zima. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza kusema. Kwamba ni mimi. Kwamba aliniomba nisimwandike. Kwamba nilikuwa dirishani. Kwamba jana, mezani kwa watu...

"Najua," akasema. "Na mimi nina simu. Umesema nilikudanganya."

"Nisamehe, dada."

"Kwani uongo? Kweli nilikudanganya."

Nikamtazama. Nikadhani uzee umemfikia kwa aibu niliyomtia.

"Dada, si wewe, ni mimi niliye..."

"Nyamaza, leo zamu yangu. Nyota nyepesi! Wewe? Siku ya kwanza uliponifungulia nilirudi nyumbani na nusu sufuria. Ya pili vile vile. Ya tatu ikanyesha mvua ikabeba mpaka mboga. Sijawahi kuona nyota nzito kama yako tangu nizaliwe."

"Sasa... mbona uliendelea kuniita?"

Akachochea moto, ingawa haukuhitaji kuchochewa.

"Ulikuwa hutoki ndani. Nilipita nikaona ndoo yako ya taka imejaa pakiti za tambi kavu, na wewe mlangoni na shati lile lile la mazishi ya Lien. Ningekuambia njoo ule, nakuonea huruma, ungekuja?"

"Nisingekuja."

"Ndiyo nikakuambia nakuhitaji."

Miaka kumi na moja ya kupuliza supu kama chifu.

"Watu walijua?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Wote. Unadhani madereva wale walisimama na njaa kwa ajili ya nyota yako? Walikuwa wanakusubiri umalize kula."

Nililia, sifichi. Mzee mzima, kwenye kistuli cha plastiki, magoti yakigusa kidevu.

Nikapanda juu nikaandika ukweli wote. Kwamba hadithi ya moto niliitunga mwenyewe, kwamba aliniomba nisimwandike, kwamba sufuria huoshwa kila siku na mimi nimeiona kwa macho yangu miaka kumi na moja, kwamba mezani nilimsingizia. Nikabonyeza. Nikasubiri matusi. Niliyataka yale matusi.

Mnajua walivyojibu?

"Mzee wa watu ana roho nzuri jamani, anambebea bibi tapeli msalaba wake."

"Babu, usijitwishe makosa ya watu."

"Hadithi yako nzuri kuliko zote, nimelia!"

Makopa elfu nne. Diem akanipigia kunialika tena.

Mara ya kwanza nasema kweli tupu, na hakuna aliyenunua. Nilikuwa nimewazoesha vibaya. Na katika yale makopa elfu nne, bibi wa watu alibaki tapeli yule yule.

Basi sasa naosha sufuria.

Kila siku, saa tano asubuhi, kando ya mfereji, mbele za watu. Nimeandika kwenye boksi la maziwa lililokatwa, herufi kubwa: SUFURIA HII HUOSHWA KILA SIKU. ALIYESEMA HAIOSHWI NI HUYU ANAYEIOSHA. Siku za mwanzo Bi Thoa alikuwa anairudia kuiosha baada yangu, maana eti nasugua kama napapasa paka.

Waliopita wakacheka, wakapiga picha. Wacha wacheke, wananicheka mimi. Wa zamani wameanza kurudi. Juzi zilitoka bakuli thelathini na nane. Sitini bado.

Kufungua simfungulii tena. Mfunguaji sasa ni mama mmoja anayeuza tiketi za bahati nasibu, na ukitaka kujua, nyota yake nyepesi kweli. Nilimwuliza Bi Thoa kama iko siku nitarudi kwenye nafasi yangu.

"Kesho uje uoshe sufuria," akasema. "Mengine tutaona."

Lakini nikimaliza kuosha, pembeni ya jiko nakuta bakuli limefunikwa kwa sahani. La mwisho, lile la chini, lenye makombo ya kaa. Nalifunua nikiwa nimeinamisha kichwa. Huwa bado la moto.

Ninachowaachia ni hiki. Sisi wawili tulidanganya. Yeye alidanganya ili mimi nile, akaukalia uongo wake kimya miaka kumi na moja na gharama akaibeba mwenyewe. Mimi nilidanganya ili nishangiliwe, na gharama nikamtupia yeye. Kabla hujamsifia mtu kwa kitu ambacho si chake, jiulize ukweli ukijulikana nani atasimama pale mferejini kuzomewa. Kama si wewe, funga mdomo.

Na wewe unayesoma hapa ukisema moyoni "Mzee Kha naye kwa hadithi!", njoo uchochoroni saa tano. Nikunjulie vidole uone maganda ya ndimu yalivyovichubua.