Ng'ombe Asiyelala

Kazi yangu ni kutazama ng'ombe wakiwa hawafanyi lolote. Watu wakisikia hivyo hucheka, nami hukasirika kidogo, maana kumtazama ng'ombe saa nzima ni kazi ngumu kuliko kumchoma sindano.

Asubuhi moja nilipanda hadi kwa mama mjane, kwenye migomba na kahawa za Meru. Akina mama wa usharika wake walikuwa na mtamba mwenye mimba wa kumkabidhi, ila kwanza nithibitishe kwamba ng'ombe wake mmoja anaishi vizuri. Nikiandika hapana, mtamba anakwenda kwa mwingine.

Alijua nakuja. Ng'ombe ameogeshwa mpaka mkia, sakafu imesuguliwa, majani makavu ya migomba yametandikwa kana kwamba anakuja askofu. Hili hunikera sana. Nimekuja kuona siku ya kawaida, wao wananiandalia sikukuu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Chai kwanza."

Nilimwomba chai isubiri, nikageuza ndoo nikaikalia.

Ng'ombe alikuwa mnene, mpole, akanilamba mkono. Maji yalikuwepo. Nilikaribia kumpitisha, lakini hakulala. Ameshiba, anacheua, amesimama tu. Mara akapiga magoti, akagonga pua kwenye mbao ya mbele, akainuka tena. Magoti yenyewe yalikuwa yamevimba, manyoya yamenyonyoka.

"Huyu ana kiburi," mama alisema akicheka. "Mlalaji alikuwa yule wetu wa kwanza, wa kienyeji, mfupi. Marehemu mzee wangu alijenga banda kwa kipimo chake, na ile mbao aliipigilia mwenyewe. Huyu wa kisasa namtandikia, namkemea, hata fimbo ameionja. Halali!"

Nilitoa futi kamba nikapima. Mahali pa kulala palimpungukia mkono mzima. Nilitamani kudanganya, nakiri, kwa sababu nilikuwa nimeshampenda yule mama. Nikamweleza kwamba ng'ombe ni mrefu kuliko banda, na kwamba lazima niandike hapana.

Nilidhani ataulizia mtamba. Hakuuliza. Aliingia bandani, akamshika ng'ombe shingo, akaitazama mbao ya mumewe kwa muda mrefu.

"Miaka minne," alisema. "Miaka minne nampiga, kumbe hana pa kulala."