Duara na Nukta

Mama alikuwa akitetemeka nilipofika nyumbani kwake huko Kanja. Jasho lilikuwa limelowesha kitambaa chake cha kichwa, na nilipomwamkia alinitazama kama mtu asiyenijua. Nikamchoma kidole, nikaweka tone la damu kwenye kipimo cha sukari. Dada yangu, anayefanya kazi Uarabuni, ndiye aliyetutumia kipimo hicho pamoja na simu yake kuukuu ya kusomea majibu. Simu ikaonyesha duara dogo na nukta.

Nilikasirika. Mtu aliye hai hawezi kuwa na sukari sifuri. Nikapima tena: duara, nukta. Nikaizima simu, nikaiwasha. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kiarabu, na hakuna aliyejua pa kuyabadilishia. Mama akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Nikaingiwa na hofu, nikampigia dada.

"Inaonyesha nini?"

"Hakuna kitu. Zero na dot. Hii kitu yako imekufa."

"Wacha! Hiyo kaduara ni tano! Zero ya huku ndio hiyo dot. Hiyo ni fifty, sukari imeshuka sana. Mpatie sukari saa hii!"

Sukari! Mimi mwenyewe ndiye niliyeipiga marufuku nyumbani humo tangu daktari autaje ugonjwa wa kisukari na kumpa Mama dawa za kuishusha. Nikapekua kabati, nikamwaga unga, nikaitukana mikebe mitupu. Mama akainua kidole akaelekeza chini ya kitanda. Kulikuwa na ndoo ya maharagwe, na ndani ya maharagwe, pakiti ya sukari. Sijawahi kufurahia uongo wa mtu kiasi hicho.

Nilimnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka akanitambua na kuniuliza ni nani amemwaga unga wake. Dada hakuwa amekata simu. Alikuwa akilia.

"Amekuwa akisoma hizo namba vile wewe umesoma?" akauliza.

Kila asubuhi Mama hunipigia kabla sijaenda kazini. "Leo ni sifuri, mwanangu," husema kwa fahari. "Sina sukari hata kidogo." Nilidhani ananitania.

Nikafungua majibu ya siku zilizopita. Duara na nukta. Duara na duara. Duara na nukta. Na kila asubuhi, nikicheka, nilikuwa nimemjibu: "Hongera, Mama. Usiruke dawa."