Prosesa Kubwa na Wadudu wa Ziwani

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya ramani pale Mirongo, Fundi Mkuu alinikabidhi brashi ya rangi na kompyuta tatu zilizokufa. Nilipofungua ya kwanza nikakuta feni imejaa wadudu wa ziwani, wale wanaotanda kama moshi, wamekaukia humo. "Binti," akasema, "wanaotengeneza hizi mashine hawajawahi kuwaona hawa. Sisi ndio tunaoishi nao." Nilicheka sana, na kazi nikaipenda papo hapo.

Kwake mashine ngeni haikupewa meza mpaka ikae wiki nzima kwenye dirisha linalotazama ziwa, ikichapa kazi mchana kutwa. Utaratibu huo nilikwenda nao tawi la Igoma, nikarudi nao Mirongo nikiwa Fundi Mkuu mimi mwenyewe.

Mwaka wangu wa mwisho kikaingia kizazi kipya cha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta. Mkuu wa Ofisi, kijana mwenye haraka, alishawatangazia wapima ardhi kwamba tunachukua ile kubwa kuliko zote. Ilibaki sahihi yangu tu. Na mimi, bila haya, niliisifu kikaoni kabla sijaiweka dirishani, maana ilichora ramani ya wilaya nzima nikiwa bado natafuta miwani.

Siku ya nne wadudu wakaja. Prosesa ile ilikula umeme mwingi ikatoa joto kali, na joto hilo lilitaka feni kubwa inayovuta hewa nyingi. Hewa yetu mnaijua, imejaa wadudu. Saa saba mchana mashine ikajipunguza kasi isiungue. Saa nane ikajizima kabisa. Nilitamani ninyamaze, niweke sahihi, nistaafu zangu. Lakini wenzangu wangebaki na meza nzima za mashine zinazozima. Nikaenda kwa Mkuu.

"Shikamoo mama. Umeleta sahihi?"

"Marahaba. Sijaleta. Mimi nilikosea kuisifu, na wewe ulikosea kuitangaza. Njoo uone."

Alipofungua kifuniko, wadudu wakammwagikia kwenye shati jeupe. Akaangua kicheko.

"Kwa hiyo tubaki na makweche yetu?"

"Hapana, kizazi chenyewe ni kizuri. Tuchukue mdogo wake, ile prosesa ndogo ya kizazi hichohicho. Kasi anapitwa kidogo, na ubao mama wa zamani, ule unaobeba prosesa, hauwezi kumpokea, itabidi tununue mpya. Ila hali umeme mwingi, na nimemweka dirishani wiki nzima kabla sijaja kwako: saa nane anachora tu."

"Mama, nimeshawaambia watu!"

"Waambie tena. Nitasimama pembeni yako."

Kesho yake tulisimama wawili mbele ya wapima ardhi. Nikaanza mimi: "Nilikosea." Wakapiga makofi mpaka Mkuu naye akapata ujasiri wa kusema la kwake. Kisha akanipa karatasi ya yule mdogo, nikatia sahihi kubwa iliyovuka mstari.

Wajukuu zangu wa kazi, nyinyi mafundi mnaonifuata, nimestaafu kwa furaha. Lile neno moja, nilikosea, niliogopa lingenimaliza; kumbe halikunimaliza. Jioni ile nilikula samaki sato mzima peke yangu, nikalala fofofo.